Kiroboto Analala Sakafuni

Wasikilizaji wa Nyangwe na Kasongo, nanyi wa Kabambare mnaotupata redioni pale betri inapokubali, leo nimeacha habari za barabara na bei ya mpunga. Nataka tuzungumze juu ya kiroboto, kwa sababu kiangazi kimeingia, vumbi limekauka, na swali ni lile lile kila nyumba: mbwa tumemfukuza, mablanketi tumeyafua, mbona bado tunaumwa?

Mnaumwa kwa sababu mmepigana na mbwa, na makao ya kiroboto ni sakafu.

Kiroboto jike akishashiba damu hutaga mayai mengi, hata 40 kwa siku moja. Mayai hayo ni meupe, laini, hayana gundi. Mbwa akijikuna yanadondoka, paka akijinyoosha yanadondoka. Yanamwagika zaidi pale mnyama anapopenda kulala: nyuma ya mlango, chini ya kitanda, kando ya mafiga. Siku chache baadaye yanatoa mabuu membamba yasiyo na miguu wala macho. Buu hamwumi mtu. Anakimbia mwanga, anajipenyeza katika nyufa, na chakula chake kikubwa ni kinyesi cheusi cha wazazi wake, ambacho si kitu kingine ila damu yetu na ya wanyama wetu iliyokauka. Basi kiroboto mkubwa akituuma anakula yeye na anawalisha watoto wake kule chini, bila sisi kuwaona.

Kisha buu anajifungia ndani ya kifuko cha nyuzi zinazonata. Mchanga na vumbi vinakigandamia kile kifuko mpaka ukikitazama unadhani ni chembe ya udongo. Humo ndani anageuka kiroboto kamili, ana miguu ya kurukia na mdomo wa kufyonzea, lakini hatoki. Anangoja. Anaweza kungoja wiki, anaweza kungoja miezi. Kinachomwamsha ni mtikiso wa nyayo, joto la mwili, na pumzi yetu. Akisikia hayo anapasua kifuko na kuruka papo hapo.

Ndugu zetu wa Kabambare waliowahi kukimbia vita wataelewa maneno haya haraka kuliko mimi. Familia inakimbia, nyumba inafungwa, au inabaki wazi, hamna mtu wala mbuzi wala mbwa kwa miezi mitatu. Siku ya kurudi, mama anaingia na mzigo kichwani, watoto wanakimbia huku na huku kutafuta vitu vyao, na kabla ya jua kuzama miguu ya wote imejaa madoa mekundu. Wako waliosema jirani ametuma kitu ndani ya nyumba. Jirani hakutuma kitu. Viroboto walikuwa ndani ya vifuko vyao tangu siku ile mlipoondoka, na ninyi wenyewe mmewaamsha kwa kukanyaga. Kwa hiyo anayerudi katika nyumba iliyolala tupu, asiingize mikeka na watoto kwanza. Aingie mtu mzima mmoja na ufagio, akanyage kila pembe, afagie, atoke akajimwagie maji na kufua nguo aliyovaa. Kesho yake arudie. Siku ya tatu watoto waingie.

Na huyo mbwa mliyemfukuza? Mbwa alikuwa anawabebea nusu ya mzigo. Akiondoka, viroboto waliokuwa wakimla yeye wanageukia miguu ya watu, na mayai yako pale pale. Afadhali mbwa abaki, alale nje mahali pamoja panapojulikana, aogeshwe kwa sabuni na kuchanwa manyoya, na mahali pake pafagiliwe kila siku. Paka ni vivyo hivyo, naye kwetu anathaminiwa kwa sababu ya panya, isipokuwa tahadhari moja: kuna dawa za mbwa zenye permetrini ambazo humwua paka. Usimpake paka dawa ya mbwa kwa kuwa eti imebaki kidogo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nyunyiza maji kidogo vumbi litulie, fagia kuanzia pembeni, chini ya kitanda kwanza na katikati mwisho. Wengi tunafanya kinyume: tunafagia katikati panapoonekana na wageni, tunaacha pembeni anapoishi mwenyeji halisi. Taka zile usizitupe mbele ya mlango. Zichome, au uzitie katika shimo mbali na nyumba. Mikeka, matela na mablanketi yatoke nje juani, yageuzwe pande zote, kwa kuwa mayai na mabuu hukauka na kufa kwa jua kali. Kikwembe cha kujifunika usiku kifuliwe kwa maji ya moto. Nyufa za sakafu na za chini ya ukuta zizibwe kwa udongo.

Halafu, na hapa ndipo watu wanaponichoka, rudia hivyo kwa mwezi mzima. Vile vifuko havifi kwa maji wala kwa jua la siku moja. Vitaendelea kutoa viroboto wapya wiki ya pili, ya tatu, pengine ya nne. Mtu anafagia siku nne, anaona viroboto wamepungua, anaacha. Wiki ya tatu anaumwa tena na anasema ufagio haufai kitu. Ufagio unafaa, ila uliachwa katikati ya kazi.

Ukitaka kujua kama unashinda, weka usiku sahani pana ya maji yenye sabuni sakafuni, na taa juu yake. Viroboto huvutwa na ule mwanga na joto, wanaruka, wanatumbukia. Maji matupu hayatoshi, kwani kiroboto ni mwepesi na anaweza kuelea. Sabuni ndiyo inayomzamisha. Mtego huo hauwezi kuimaliza nyumba, lakini asubuhi unahesabu. Wiki ya kwanza kumi, wiki ya tatu wawili: endelea. Taa ya moto isiachwe peke yake palipo na watoto au nyasi.

Kuhusu dawa nitasema maneno machache tu, tena makali. Unga ule unaouzwa sokoni katika vipakiti vya plastiki visivyo na jina, ule ambao mwenye duka anasema ni wa viroboto, wa mchwa, wa maharage na wa kila kitu, usiutie chini ya mkeka wa mtoto. Dawa nyingi za mashambani ni sumu kwa mtu, hupita katika ngozi na katika pumzi. Mtoto analala na pua yake karibu na sakafu kuliko mtu yeyote nyumbani. Ukipata dawa yenye karatasi yake, iliyoandikwa kwamba ni ya nyumba, soma au usomewe, itumie kama ilivyoandikwa, na watu watoke mpaka ikauke. Ukikosa, ufagio na jua.

Yuko kiroboto mwingine ambaye hatumwiti kiroboto, na kwa udugu ni kiroboto kabisa: funza wa miguuni. Ni mdogo mno, milimita moja tu, na haruki juu, ndiyo maana anapenda vidole vya miguu na kisigino. Jike anaingia ngozini pembeni ya ukucha, anaacha nje tundu dogo la kupumulia na kutagia, anavimba mpaka kufikia ukubwa wa kunde, anamwaga mayai mamia kwa wiki mbili au tatu, kisha anafia humo humo. Mayai yanadondoka wapi? Sakafuni tena.

Funza huyu si mzaliwa wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwezi wa Septemba 1872 meli iitwayo Thomas Mitchell ilifika Ambriz, Angola, ikitoka Rio de Janeiro, nayo ilikuwa imebeba mchanga wa kuipa uzito baharini. Mchanga ukashushwa ufukoni, na funza ndani yake. Kutoka hapo alisafiri na miguu ya wapagazi na askari, akapanda na mto Kongo. Mwaka 1887 msafiri Stanley alileta mamia ya watu kutoka Zanzibar kwa bahari mpaka mdomo wa Kongo, akiwa na Tippu Tip mwenyewe, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, akapanda nao mto, na mwaka 1889 waliobaki wakashukia Bagamoyo kwa miguu, huenda funza wakiwa nao. Mwaka 1892 Mwaustria Oscar Baumann alipopita kusini mwa ziwa Nyanza, katika nchi ya Uzinza, aliandika juu ya watu walioharibika miguu kwa funza hata wakashindwa kuvuna mashamba yao. Kabla ya karne ile kwisha, funza alikuwa amefika Zanzibar. Alivuka bara zima katika muda usiofika miaka 30.

Nyangwe na Kasongo zilikuwa katikati ya njia. Misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka maporomoko ya Kisangani ilipita hapa kwetu, ikaenda Kabambare, kisha Ujiji, na mimi sioni jinsi funza angeweza kutukwepa. Kuna watu wanaodhani msafiri Livingstone alikwama Kabambare kwa ajili ya funza, maana ni kweli alilala pale miezi mingi ya 1870 miguu ikiwa imeoza vidonda. Tarehe zinakataa. Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, na meli ile ilitia nanga mwaka mmoja na nusu baadaye. Vidonda vyake vilikuwa vya kitu kingine. Babu zetu walioliona soko la Nyangwe likipigwa risasi mwezi wa Julai 1871 walikuwa na mateso yao, lakini hili la funza halikuwapo bado.

Mtoto akiwa na funza, mfanyeje? Sindano ile moja inayopita kutoka mguu wa huyu kwenda mguu wa yule, ukumbini, shangazi akiishika, ndiyo ninayoiogopa kuliko funza mwenyewe. Inaweza kupitisha homa ya ini, inaweza kupitisha virusi vya UKIMWI, na kile kidonda kinachobaki wazi ni mlango wa pepopunda. Kila mtu na sindano yake iliyochemshwa, mguu uoshwe kwa sabuni kabla na baada, na mtoto awe amechanjwa pepopunda. Akiwa na funza wengi, apelekwe kituo cha afya. Usimkamate na kumchokoa wote siku moja huku akilia. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi. Kenya wamejaribu mafuta ya dimetikoni, ambayo yanaingia katika lile tundu la kupumulia na kumziba funza, akafa bila kuchokolewa. Waulizeni waganga wa vituo kama yanapatikana. Viatu vinasaidia, lakini jioni mtoto anavua viatu na kukaa wapi? Na tafadhali, mtoto mwenye funza asichekwe. Wako wanaoacha shule kwa aibu tu, huku kutembea kwenyewe ni taabu.

Nikitaja sakafu ya udongo mbele ya watu wa Kasongo siwezi kumruka kimputu. Huyu si kiroboto, ana miguu minane, Watanzania wanamwita papasi. Lakini anaishi katika nyufa zile zile, anatoka usiku ule ule, na kuumwa kwake watu wengi hawakusikii. Anaweza kukaa miaka bila kula. Homa yake inakuja kwa nguvu siku chache, inakatika, mgonjwa anafurahi, baada ya wiki inarudi, na kwa mwanamke mwenye mimba inaweza kuitoa mimba.

Mambo hayo yamefumbuliwa sehemu kubwa hapa hapa katika mashariki ya Kongo. Madaktari wawili, Joseph Everett Dutton, Mwingereza, na John Lancelot Todd wa Kanada, walitumwa na shule ya tiba ya Liverpool, wakapanda mto Kongo kuanzia mwaka 1903. Walionyesha kwamba homa ile hupitishwa na kimputu, na kwamba kimputu mama huwarithisha watoto wake ugonjwa. Wote wawili waliugua homa hiyo hiyo waliyokuwa wakiichunguza. Todd alipona. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Kijidudu chenyewe kinaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii, na hukitaja maabara za dunia nzima. Sisi tulio karibu na kaburi lake hatumtaji. Nataka mkumbuke jambo moja katika hadithi hiyo: homa inayokuja na kurudi, ambayo dawa ya malaria haiigusi, mwelezeni mganga kwamba mnalala katika nyumba ya udongo, aangalie damu tena. Ina dawa yake, na dawa hiyo si ghali.

Panya naye asisahaulike. Panya ana viroboto wake, na akifa mwili ukapoa wanahama kutafuta mwili wa moto. Ndiyo njia ya tauni, aliyoionyesha Mfaransa Paul-Louis Simond kule Karachi mwaka 1898. Tauni bado ipo katika nchi yetu, upande wa Ituri, Mahagi na Rethy. Na Lushoto, Tanzania, ilisumbua miaka mingi tangu 1980, na watafiti waliona imekithiri katika vijiji vyenye viroboto wengi ndani ya nyumba. Kwetu si ya kutia hofu. Lakini ukiona panya wanakufa ovyo ndani ya nyumba bila kutegwa, usiwashike kwa mkono, usiwape watoto wachome, peleka habari kwa mkuu wa kijiji na kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye sakafu, maana mtaniuliza: unataka tuweke saruji? Ningetaka. Lakini mfuko wa saruji mpaka ufike Kasongo umeshakula faranga za njia nzima, na mwenye kulima mpunga hawezi kuufikiria kabla ya karo za shule. Serikali ya Meksiko iliwahi kuwawekea watu maskini sakafu za saruji chini ya mpango ulioitwa Piso Firme, na waliopima matokeo waliona vimelea vimepungua sana kwa watoto, hata akina mama wenyewe wakawa na furaha zaidi. Rwanda, jirani zetu, kuna kampuni iitwayo EarthEnable inayotengeneza sakafu za udongo ulioshindiliwa, kisha zinapakwa mafuta ya mimea yanayokauka na kuwa magumu. Udongo huo huo wa kawaida, lakini haufuki vumbi, unapigwa deki kama saruji.

Sisi tuna udongo wa kichuguu. Wazee walijua kuuponda, kuuchekecha, kuuloweka, kuumwaga ndani na kuushindilia kwa ubao mpaka ung'ae, kisha kuupaka upya kila ulipopasuka. Sakafu ya namna hiyo, isiyo na ufa, buu hana pa kujificha na kimputu hana pa kukaa. Nyumba nyingi za siku hizi zina ukuta wa matofali na bati juu, lakini chini ni vumbi tupu. Bati linaonekana barabarani, sakafu haionekani, basi pesa inapanda juu. Mimi ningejenga kinyume chake, wanicheke.

Mbuzi na kuku tunaowalaza ndani kwa kuogopa wezi wapewe chumba chao chenye mlango wa peke yake, hata kama kinaegemea ukuta wa nyumba. Mahali pao pafagiliwe, majivu ya mafiga yamwagwe pembeni. Majivu hukausha, na mabuu hayapendi pakavu.

Na kuna sakafu moja ambayo si ya mtu. Mtoto anaweza kutoka katika nyumba iliyofagiliwa, akaenda kukaa nusu siku katika darasa lenye vumbi la kufunika kidole, wanafunzi 60 wamebanana, nusu yao bila viatu. Jioni anarudi na funza, mama analaumiwa. Shule zinafunguliwa Septemba, na kiangazi hiki ndicho wakati wa kazi ya udongo, kwani mvua zikianza sakafu haikauki. Kamati za wazazi zinazotusikia, Jumamosi mbili zinatosha kwa darasa moja: ya kwanza kuponda na kumwaga, ya pili kushindilia na kuziba nyufa. Watakaoanza walete habari hapa redioni, tutaitangaza shule kwa jina lake, ili shule ya jirani isikie na ione wivu.